Rangi Moja Tu

Nchi yenyewe hatutaitaja. Ipo, ina bendera, ina uwanja wa ndege, na wananchi wake wana furaha kwa mujibu wa sheria. Kiongozi wake aliitwa Mlezi wa Taifa, na sura yake ilikuwa kila mahali: kwenye noti, kwenye mifuko ya unga, kwenye majalada ya madaftari ya shule, hata chini ya sahani za hospitali, ili mgonjwa akimaliza uji wake amwone anayemtakia afya. Watu walikuwa wameshazoea. Tabu ilianza siku Wizara ya Sura na Mwonekano wa Taifa ilipokumbuka kwamba kuna kompyuta.

Waraka ukatoka. Kila kompyuta ya serikali ikiwashwa, Mlezi aonekane kioo kizima.

Bi Sikudhani alikuwa karani katika Ofisi ya Vizazi na Vifo, dirisha la vifo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, ambaye miguu yake ilivimba kila jioni na macho yake yalikuwa yameanza kumgomea. Alichoka uchovu ule usiotoka kwa kulala. Picha ikawekwa kwenye kompyuta yake. Aliitazama tu, akavuta pumzi, akafuta miwani kwa upindo wa khanga.

Picha ilikuwa imejaa. Mlezi amesimama katikati, kifua kizima nishani. Nyuma yake kulikuwa na daraja ambalo bado halijajengwa, ndege za kivita zinapita juu ya bwawa, njiwa weupe wanaruka kukwepa ndege za kivita, na chini kabisa bustani ya maua meupe yaliyosongamana. Tena kila baada ya muda lilikuja toleo jipya, na katika kila toleo Mlezi alikuwa kijana zaidi. Bi Sikudhani alianza kazi Mlezi akiwa na umri wa baba yake. Sasa alikuwa anaweza kumzaa.

Hayo angeyavumilia. Lakini waraka ulisema pia kwamba vile vialama vidogo vya kufungulia programu visikae juu ya uso wa Mlezi, wala nishani, wala daraja, wala njiwa. Vikabaki kwenye maua. Na kialama cha vibali vya mazishi kilikuwa kijikaratasi cheupe.

Ndipo akaja bwana mmoja, Mwinchande, fundi wa viti vya ukindu. Alikuwa amefiwa na mkewe, Zamoyoni, na maiti ilikuwa hospitalini ikisubiri kibali. Alisimama dirishani na kofia mkononi tangu ofisi ilipofunguliwa.

"Dada, samahani kukusumbua. Kaburi limeshachimbwa."

"Najua, kaka yangu. Natafuta."

"Na wingu linakuja."

"Naliona. Ngoja kidogo." Bi Sikudhani aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akabofya. Hakikufunguka kitu. "Nimebofya ua tena," akasema.

"Nikusaidie kutafuta? Macho yangu mimi bado mazima."

"Hairuhusiwi raia kumkodolea Mlezi macho."

Mwinchande akarudi nyuma. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni, kila mmoja na maiti wake anayemngoja mahali. Watu hawakulalamika. Katika nchi ile watu walikuwa hawalalamiki foleni ya vifo, maana foleni ya vizazi ilikuwa ndefu zaidi.

Bi Sikudhani akabofya ua jingine. Akabofya njiwa kwa bahati mbaya, akamwomba radhi. Kisha akamsikia Mwinchande, kule nyuma ya kioo cha dirisha, akisema peke yake kwa sauti ya chini: "Subiri kidogo, Zamoyoni, wanatafuta." Alikuwa anazungumza na mkewe.

Hapo kitu kikamkatika Bi Sikudhani ndani. Hakukasirika. Kukasirika kunataka nguvu. Aliona tu kwamba hawezi kubofya ua jingine. Akashika kipanya, akabofya upande wa kulia, orodha ikashuka. Akaona neno *Mandhari*. Ndani yake akaona *Picha*, na chini ya picha, maneno ambayo hakuwahi kuyatilia maanani: *Rangi moja tu*.

Sasa achague rangi gani? Kijani ilikuwa ya chama. Nyekundu ilikuwa ya wale ambao hawatajwi. Manjano ilipigwa marufuku tangu mgomo wa walimu. Bluu ilikuwa ya jeshi, na nyeupe ilihesabiwa kuwa ni kusalimu amri, haijulikani kwa nani. Nyeusi, kwa ofisi kama ile, ingekuwa ni utani mbaya. Ikabaki kijivu, na Bi Sikudhani hakukumbuka kuwahi kusikia mtu yeyote akiidai. Akaichagua.

Kioo kikanyamaza.

Ndege za kivita zikatoweka, daraja likatoweka, njiwa wakaenda zao. Vile vialama vikabaki vimejipanga kama nguo kwenye kamba, kila kimoja na jina lake. Kijikaratasi cheupe kilikuwa pale pale, kinaonekana hata kwa macho yake. Alikaa akakitazama. Mabega yake, ambayo kwa miaka mingi alikuwa akitembea nayo karibu na masikio, yakashuka yenyewe.

Kibali kikatoka. Mwinchande akakipokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, jicho lake likaangukia kwenye kioo.

"Kumbe ni kazi ndogo hivi," akasema.

"Ni ndogo sana. Pole sana kwa msiba, kaka."

"Ahsante, dada. Mungu akulipe."

Siku ile foleni ya vifo iliisha kabla ya chakula cha mchana, na ukimya wake ukamtisha mkuu wa ofisi, Bwana Kasongwa. Alikuja mbio kuangalia kuna maafa gani. Alipokiona kioo, alijifunika macho kwa tai yake.

"Sijaona kitu," akasema. "Bi Sikudhani, wewe umeniona nikiona?"

"Sijakuona, mkuu."

"Basi sikuja hapa." Akarudi ofisini kwake, akajifungia, akaanza kuumwa rasmi.

*

Mambo yangeishia hapo kama si jirani mmoja kule makaburini kumuuliza Mwinchande amewezaje kupata kibali siku ile ile. Mwinchande alikuwa na udongo mikononi na akili yake ilikuwa kwingine. Akajibu kama alivyoona:

"Kule dirisha la vifo, Mlezi hayupo tena. Ameshaondoka."

Waliosikia walisikia mambo matatu: Mlezi, dirisha la vifo, na ameshaondoka. Walitazamana. Wakamaliza kumzika Zamoyoni kwa adabu zote, kisha wakaondoka wakitembea haraka kuliko watu wanaotoka mazikoni.

Alasiri, soko lilikuwa limefungwa. Wauza vitambaa walifungua tena mlango wa nyuma ili wauze vyeusi. Redio ya taifa haikuwa na taarifa yoyote, hivyo ikapiga muziki wa polepole kwa usalama, na watu waliposikia muziki wa polepole wakapata uhakika. Kilio kikaanza mitaani. Wengine walilia kwa huzuni, wengine kwa kuogopa kuonekana hawalii, na ukisimama mbali usingeweza kutofautisha.

Viongozi nao hawakuchelewa. Makamu wa Mlezi alikwenda ikulu ndogo kupima kiti, akatoka akisema hakuwa na nia yoyote isipokuwa mgongo wake unamsumbua. Mawaziri kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake na bila kushauriana, walitangaza kwamba hawautaki urais ila wakibembelezwa sana hawataweza kukataa. Waziri wa Afya alieleza ugonjwa uliomchukua Mlezi, ulivyoanza, na jinsi yeye binafsi alivyopigana nao hadi mwisho.

Wakati huo Mlezi alikuwa nyumbani kwake anakula samaki. Aliwasha televisheni, akaona picha yake imezungushiwa utepe mweusi, na mtangazaji akijipangusa machozi. Akaacha kutafuna.

"Ongezeni sauti," akawaambia walinzi.

Akatazama mpaka mwisho. Wanasema samaki alipoa.

Asubuhi yake redio ilitangaza kwamba Mlezi yu hai na ana afya tele. Wananchi waliolia walitakiwa waeleze kwa nini waliamini upesi hivyo. Wananchi ambao hawakulia walitakiwa waeleze kwa nini hawakulia. Waziri wa Afya akapelekwa kuwa balozi kwenye kisiwa ambacho hakina watu.

*

Uchunguzi wa chanzo ulikabidhiwa kwa Waziri wa Sura na Mwonekano wa Taifa, Mheshimiwa Njelu, mtu mnene wa sauti, aliyeongea kana kwamba daima kuna kipaza sauti mbele yake. Bi Sikudhani alichukuliwa na gari la serikali hadi kwenye chumba cha mahojiano. Kuta zote, na dari, zilibandikwa matoleo yote ya Mlezi, kutoka uzee hadi ujana. Alitafuta pa kuelekeza macho, akakosa, akatazama viatu vyake.

"Mama," Waziri akaanza, "taifa linakuuliza. Kwa nini kijivu?"

"Haikuwa na maana yoyote, Mheshimiwa. Ndiyo maana niliichagua."

"Hakuna rangi isiyo na maana katika nchi hii! Kijivu kimetoka wapi? Kwenye majivu! Majivu ni nini? Ni kinachobaki baada ya kitu kuungua! Sasa tuambie, nani ameungua?"

"Mheshimiwa, mimi macho yangu hayaoni vizuri. Nilikuwa natafuta kialama cha vibali, kimejificha kwenye maua. Nikataka kioo kiwe kitupu, basi."

Waziri akamgeukia mwandishi wake. "Umesikia? Kitupu! Andika hivyo. Mtuhumiwa ameuvua uso wa taifa na kuuacha utupu, tena mbele ya wafiwa."

Mwandishi akauliza kama aandike *utupu* au *uchi*. Hilo likazua mjadala mrefu. Mshauri wa lugha akaitwa, naye akasema *uchi* ni wa mtu na *utupu* ni wa mtu na wa kitu pia, na kwa kuwa Mlezi ni mtu na pia ni taifa, pana ugumu. Wakaamua kwenda kunywa chai kwanza.

Waliporudi walimleta Mwinchande. Alikuwa bado na kanzu ile ile ya mazikoni, udongo umekauka kwenye pindo. Yeye na Bi Sikudhani waliketishwa benchi moja, na Waziri akabadilisha sauti, akawa kama mjomba.

"Bi Sikudhani, umeitumikia serikali muda mrefu. Mimi sipendi mtu mzima adhalilike. Sema tu kwamba huyu bwana ndiye aliyekuamuru uiondoe picha, na ndiye aliyeeneza uvumi. Ukisema hivyo, jioni hii unalala kwako. Tunakuacha ufikirie." Akatoka na watu wake, akaacha mlango wazi kidogo ili asikie.

Wakabaki wawili. Mlezi aliwatazama kutoka kila upande.

"Waambie ni mimi, dada," Mwinchande akasema hatimaye. "Uvumi kweli ulitoka kwangu. Mimi sina ninachorudia nyumbani."

"Una kaburi la kutunza. Bado bichi, mvua ikipiga litatitia."

"Jirani atalitazama."

"Jirani yako ndiye aliyetufikisha hapa."

Mwinchande akacheka, cheko fupi la mtu aliyesahau kwamba anaweza kucheka, kisha akafuta macho. "Umechoka, dada. Unaonekana hata kwa mbali. Sema neno moja uende ukalale."

Bi Sikudhani aliitafuta hofu ndani yake, akaikuta ipo lakini imelala chini ya mambo mengine mengi. Alifikiria kitanda chake. Alifikiria beseni la maji ya moto na chumvi kwa ajili ya miguu. Alilitaka beseni lile kuliko kitu chochote.

"Nimechoka, kaka yangu," akasema. "Lakini sijachoka kiasi hicho."

Waziri akaingia kwa kishindo, tayari amefungua mdomo wa kutoa hukumu, mara korido nzima ikasimama wima. Mlezi mwenyewe alikuwa amekuja. Alitaka kuona ushahidi.

*

Aliyeingia alikuwa mzee kuliko picha zote za ukutani. Alikuwa mfupi pia, na alitembea akigusa ukuta, akigusa nyuso zake mwenyewe moja baada ya nyingine. Kompyuta ililetwa ikiwa imefungwa shuka gubigubi, kwa kuwa ilikuwa tupu na Waziri hakutaka kumvunjia Mlezi heshima. Ikawashwa ndani ya shuka.

"Fungua," Mlezi akasema.

"Mheshimiwa Mlezi, nashauri kwa unyenyekevu mkubwa..."

"Njelu, fungua."

Shuka likaondolewa. Mlezi akavuta kiti, akaketi mbele ya kile kijivu, akakitazama. Alikitazama muda mrefu hata Waziri akaanza kutoka jasho.

"Hapa hakuna mtu," Mlezi akasema.

"Hakuna, Mheshimiwa," Bi Sikudhani akajibu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejibu.

Mlezi akageuka. "Ni wewe uliyeniondoa?"

"Ni mimi. Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba." Akarudisha macho kwenye kioo. "Mimi nikiamka niko ukutani. Nikienda kunawa niko juu ya sabuni. Nikinywa chai, niko chini ya kikombe, najisubiri. Juzi nimekufa, nikawaona walionililia. Niliwajua wote. Wengine niliwafundisha mwenyewe kulia vile." Akakigusa kioo kwa kidole. "Uliponiondoa, ulijisikiaje?"

Bi Sikudhani aliyajua majibu yanayotakiwa. Yalikuwa yamechapishwa kwenye kalenda. Lakini majibu yale yalikuwa marefu, na yeye pumzi ilikuwa imekwisha.

"Nilipumzika, Mheshimiwa."

Waziri akashika ukuta. Mshauri wa lugha akaziba masikio, asije akaulizwa baadaye neno lile lina maana gani.

Mlezi akatikisa kichwa polepole. "Ehee," akasema, kwa sauti ambayo redio haijawahi kuirusha. "Hata mimi, naona." Kisha, bila kugeuka: "Waacheni hawa waende kwao. Na mimi mniache hapa kidogo."

Mwinchande akamshika mkono Bi Sikudhani kumsaidia kusimama, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi. Wakatoka bila mtu kuwasindikiza. Nje walisimama kwenye jua kama watu waliosahau njia, kisha wakaagana, Mwinchande akaenda kuliangalia kaburi na Bi Sikudhani akaenda kutafuta beseni lake.

Lakini maneno ya mkubwa hayawezi kuachwa yalivyo, ni lazima yafafanuliwe. Jioni ile ile Waziri Njelu alikutana na waandishi wa habari.

"Mlezi wetu," alinguruma, "katika hekima yake isiyo na ukingo, ameigundua rangi ya kijivu! Kuanzia sasa, kijivu ni rangi ya mapumziko yake binafsi. Ni marufuku kwa raia yeyote kuimiliki, kuivaa, kuitazama kwa makusudi, au kuipumzikia!"

Utekelezaji ukaanza mara moja. Nyumba za saruji zikapakwa chokaa. Wazee wenye mvi wakatakiwa kuchagua kati ya rangi nyeusi ya piko na wembe. Tembo wa mbuga ya taifa walipewa nafasi ya kujieleza, hawakujieleza, wakapakwa rangi ya kijani. Idara ya hali ya hewa ikaelekezwa kwamba mawingu, yatakapolazimika kutajwa, yatajwe kuwa meupe. Kompyuta yenyewe ilibaki na Mlezi. Wanaofanya kazi kule ndani wanasema huketi mbele yake mlango ukiwa umefungwa, na mtu akigonga anajibu kwamba ana kikao.

*

Bi Sikudhani alirudi kazini. Alipewa kompyuta mpya na toleo jipya: Mlezi sasa alikuwa kijana ambaye ndevu hazijaota, maua yameongezwa, na pale palipokuwa na nafasi kidogo wakatia farasi. Kitufe cha rangi moja kilikuwa kimeng'olewa kwa amri.

Hakulalamika. Siku ya kwanza alijaribu kutafuta kile kijikaratasi mpaka kichwa kikaanza kugonga. Siku iliyofuata akagundua kwamba akitumia mishale ya kibodi anaweza kufika bila kuangalia: chini, chini, kulia, ingiza. Kwa hiyo kila alipokuja mfiwa, Bi Sikudhani alifumba macho, akashusha mabega, akakaa kidogo pale gizani ambapo hapakuwa na daraja wala farasi. Kisha vidole vikatembea vyenyewe, na kibali kikatoka.

Watu wa foleni walimwona karani amefumba macho mbele ya picha ya Mlezi, midomo inatikisika, kwa kuwa alikuwa akihesabu mishale. Wakadhani anamwombea dua. Nao, kwa tahadhari, wakafumba macho na kuinamisha vichwa.

Hivyo ndivyo Bwana Kasongwa, aliyekuwa amepona siku hiyo, alivyowakuta akiwa anamtembeza mkaguzi wa wizara. Ukumbi mzima umeinama, umefumba macho, kimya, mbele ya sura ya kiongozi. Mkaguzi aliondoka ananyata, machozi yanamlenga. Taarifa yake ilisomwa bungeni. Haukupita muda, waraka mpya ukatoka: kazi zote za umma zifanywe kwa mtindo wa dirisha la vifo. Madereva wa serikali waliomba ufafanuzi, hawakujibiwa.

Bi Sikudhani akaitwa kupewa cheti cha uzalendo. Hakutaka kwenda, miguu ilikuwa imevimba, lakini gari lilikuja kumchukua. Ukumbi ulijaa mabalozi, majenerali na wake zao. Waziri Njelu alitoa hotuba ndefu akiwa amefumba macho kama waraka unavyotaka, akiupa umati kisogo na pazia uso. Jina likaitwa. Bi Sikudhani akapanda jukwaani akipapasa ngazi, naye amefumba macho. Waziri akanyoosha cheti upande wake, yeye akanyoosha mkono upande mwingine, na ukumbi wote, uliofumba macho, ukapiga makofi.